Kusoma kejeli ya mgeni bila kuumbuka

Aprili 1951, katika vita vya Korea, brigedia wa Kiingereza Tom Brodie aliulizwa na jenerali wa Kimarekani hali ikoje kando ya mto Imjin. Kikosi cha Gloucestershire, kilichokuwa chini yake, kilikuwa kimezingirwa na maelfu ya askari wa Kichina. Inasimuliwa kwamba alijibu mambo ni "a bit sticky", yaani yananata kidogo. Kinywani mwa Mwingereza wa aina yake hicho kilikuwa kilio cha mtu anayezama. Mmarekani alisikia ugumu mdogo unaohimilika. Zaidi ya askari 500 wa kikosi hicho waliishia kutekwa. Na wawili hao waliozungumza, brigedia na jenerali, wote walikuwa na Kiingereza cha kuzaliwa nacho.

Kwa hiyo usidhani tatizo lako ni Kiingereza kibovu. Uwezo wa kunasa kejeli uko kila mahali duniani. Watoto huanza kuinasa wakikaribia miaka sita, kabla ya hapo huyachukua maneno kama yalivyo. Kinachobadilika ukivuka mpaka ni vitu viwili: kejeli inatiwa alama wapi, na nani ameruhusiwa kumkejeli nani. Anayeongoza watalii, anayefanya ukalimani, anayesoma ughaibuni au anayepokea kazi za wateja wa nje mtandaoni anaweza kujifunza vyote viwili kwa mazoezi.

Pima neno kwa jambo

Anza kwa kuweka vitu viwili sambamba: jambo lenyewe lina ukubwa gani, na neno lililotumika lina ukubwa gani. Vikilingana, mchukulie msemaji kwa alilosema. Visipolingana, angalia pengo limeelekea wapi.

Waswahili tuna mazoea ya kuzidisha heshima. Mtu amechelewa kikao saa nzima, anapokewa kwa "Karibu mheshimiwa, tulikuwa tunakusubiri wewe tu ndiyo tuanze." Hakuna neno baya hata moja hapo. Kijembe kiko kwenye cheo ambacho hana. "Profesa", "bosi", "mkubwa", "hongera sana", "haya bwana wewe ndiye unayejua": ukiona heshima imezidi mwili wa anayeheshimiwa, shtuka. Mwingereza hufanya kinyume, hupunguza. Mmarekani mara nyingi huzidisha furaha, kisha akaitamka kwa sauti bapa isiyo na furaha yoyote. Mtu wa Kyoto, Japani, hukukaribisha chakula. Tutarudi kwake.

Kosa la wengi ni kutafuta pengo la aina ya kwao. Mswahili anasubiri sukari iliyozidi. Mwingereza anampa chai isiyo na sukari kabisa, naye anainywa akidhani ndivyo ilivyokusudiwa.

Ingiza "eti"

Mwaka 1981 Dan Sperber na Deirdre Wilson walitoa hoja ambayo wataalamu wa lugha bado wanaijadili: mwenye kejeli hasemi tu kinyume cha anachomaanisha, bali anarudia maneno au mawazo ya mtu mwingine huku akiyabeza. Kiswahili kilikuwa na neno la kazi hiyo siku zote. Ni "eti", na Kenya na baadhi ya sehemu za pwani ni "ati". "Eti anakuja kesho" haitoi habari ya safari peke yake. Inasema kuna mtu kadai hivyo na mimi simwamini.

Litumie kama kipimo. Ifasiri sentensi ya mgeni kimoyomoyo, tia "eti" mwanzoni, kisha jiulize: haya ni maneno ya nani? Ukipata mwenyewe, umenasa kejeli. Ukimkosa, huenda mtu anasema kweli.

Mfano. Mtalii ameshuka kwenye mashua Nungwi, Zanzibar, mvua inamtiririka puani, anasema "Lovely weather." Eti hali ya hewa nzuri. Nani alidai hivyo? Tangazo la safari, au wewe mwenyewe jana jioni. Sentensi imekaa, ni kejeli. Jioni anafuta sahani ya mwisho ya pweza na kusema "Lovely food." Eti chakula kizuri? "Eti" haikai, sahani ni nyeupe. Hiyo ni shukrani.

Kuwa makini na jibu la ile ya kwanza. Mwongoza watalii aliyefunzwa adabu ataomba radhi, kisha atoe maelezo marefu kuhusu masika na vuli. Hapo mzaha unakufa, na mgeni anabaki na hofu kwamba amekukosea. Mwingereza anayeibeza mvua hakulaumu. Anakufungulia mlango mcheke pamoja. Endeleza: mwambie hii umeiagiza maalumu kutoka Manchester asipakumbuke sana nyumbani.

Kipimo hiki kinafanya kazi hata kwa taifa zima. Julai 2015, kabla ya ziara ya Barack Obama, kituo cha CNN kilisema anakwenda eneo ambalo ni "hotbed of terror", kitovu cha ugaidi. Wakenya walilichukua lile neno "hotbed" na kulirudisha mtandaoni kwa alama ya #SomeoneTellCNN, wakitaja mambo ya kila aina ambayo Kenya ndiyo kitovu chake. Aliyesoma ujumbe mmoja peke yake, bila habari ya CNN, aliona majigambo ya utalii. Hapa ndipo kipimo hukwama: usipolijua neno linalorudiwa, hutaisikia kejeli. Ukiwa mgeni mahali, nusu ya kazi ni kujua juzi kumesemwa nini.

Hukwama pia kwenye misemo iliyokwisha kukauka. "Yeah, right" ni "thubutu!". "Thanks a lot", ikisemwa kavu baada ya hasara, ni lawama. "Tell me about it" haikuombi usimulie chochote, maana yake ni "mimi tena ndiye wa kuambiwa?", yaani nakubaliana nawe. "Good luck with that" ni kukuambia hutafanikiwa. "Bless your heart", ukiisikia kusini mwa Marekani, yaweza kuwa huruma ya kweli au tusi lililovikwa kanga, na anayejua ni ipi ni yule anayemjua msemaji. Hizi zikariri kama unavyokariri nahau. Usijaribu kuzichambua papo kwa papo, mazungumzo yatakuacha.

Usiliamini sikio lako

Watu wengi hujibu, "Mimi nitajua kwa sauti tu." Kwa Kiswahili, ndiyo. Tunavuta irabu, "haaaya", "asaaante", tunaguna, tunasonya, tunapandisha nyusi. Lakini watafiti Henry Cheang na Marc Pell walipima sauti za kejeli katika Kiingereza na Kikantoni, lugha ya kusini mwa China. Waliona kwamba wazungumzaji wa Kiingereza hushusha sauti wanapokejeli, na wa Kikantoni huipandisha. Kisha, katika utafiti wa 2011, wakawasikilizisha watu lugha wasiyoijua: wasikilizaji waliitambua kejeli ya lugha yao, ila ya lugha ngeni walibahatisha tu.

Maana yake kwa kazi yako ni kwamba mpaka umekaa na lugha muda mrefu, sauti ni ushahidi wa pili. Wa kwanza ni hali halisi: mvua, sahani, saa ya ukutani. Mwingereza ndiye mgumu kuliko wote, kwa sababu aina yake moja ya kejeli haibadilishi sauti wala uso. Huko ndiko kunakoitwa "deadpan", na sifa yake yote ni mtu kutojulikana kama anatania.

Mwingereza karatasini

Hapa ndipo pesa hupotea, kwa hiyo tukae kidogo. Mteja wa London akiandika kazi yako ni "quite good", amesema inafaa kiasi, si zaidi. Mteja wa Chicago akiandika hivyohivyo, mara nyingi ana maana ni nzuri sana. Na huyohuyo wa London akisema "quite right" au "quite finished", sasa "quite" ni "kabisa", kwa kuwa kuwa sahihi au kumalizika hakuna kiasi. "Not bad" yake yaweza kuwa sifa kubwa. "Interesting" bila swali linalofuata ni dalili kwamba hajavutiwa. "With respect" inatangulia kupingwa. "I'll bear it in mind" mara nyingi ni kuzika wazo. "That's a brave decision" ni onyo kwamba unajiharibia, usijibu asante. "You must come for dinner" si mwaliko mpaka itajwe siku.

Dawa si kumuuliza "unamaanisha kweli?" Swali hilo linamwaibisha, naye atakujibu kwa adabu nyingine itakayokupoteza zaidi. Uliza kuhusu tendo: "Ungependa nibadilishe nini kabla ya Ijumaa?" au "Nipeleke kama ilivyo, au nirudie aya ya pili?" Mtu aliyejificha nyuma ya "quite good" ataorodhesha masahihisho manne bila kuona haya, kwa sababu sasa hakukosoi, anajibu swali.

Ila usimbebeshe taifa lake lote. Wapo Waingereza wasio na mzaha kabisa, na Japani inatoa somo zuri zaidi la hatari ya kusema "Wajapani wako hivi". Kyoto inajulikana kwa kusema kwa kuzunguka: mwenyeji akikuuliza kama utakula bubuzuke, wali uliomwagiwa chai, amekuambia uende. Jibu ni kushukuru, kukataa na kunyanyuka. Siku hizi hutajwa zaidi kama mfano kuliko kusikika, lakini mantiki yake ingalipo. Jirani akisifu jinsi mwanao alivyoendelea na piano, funga dirisha. Panda treni kama nusu saa hivi, uko Osaka, mji wa manzai, vichekesho vya watu wawili: boke anayesema upuuzi na tsukkomi anayemrukia kumsahihisha papo hapo. Huko mtu akisema upuuzi nawe ukatabasamu kwa adabu, umemwangusha. Nchi moja, na mwendo wa treni usiofika ule wa Dar es Salaam kwenda Morogoro.

Nani ana ruhusa

Sehemu hii Mswahili ana mtaji kuliko watu wengi, na mtaji huo ndio unaomponza.

Tanzania ina utani wenye mipaka inayojulikana. Mzaramo na Msukuma ni watani. Mchaga na Mpare ni watani. Babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu" na hakuna anayeshtuka. Msibani mtani anaweza kumsema marehemu, akanyang'anya kitu, akazuia njia mpaka apewe chochote, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Ndiyo maana Simba na Yanga wanaitwa watani wa jadi, si maadui wa jadi. Afrika Magharibi wanao utani wa namna hiyo, na ule wa Niger uliingizwa mwaka 2014 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Utani ni leseni, na leseni haina nguvu ng'ambo ya mpaka wake. Makosa ya kawaida ni haya.

La kwanza, kumpeleka mgeni kwenye msiba wenye watani bila kumwandaa. Ataona mtu anaigiza kilio kwa kejeli mbele ya jeneza, ataamini ni ukatili. Mwambie mambo matatu kabla hamjafika: nani ni mtani wa nani, kwamba mtani halipiziwi kisasi, na kwamba yeye mgeni hajaalikwa kujiunga.

La pili, kubeba utani wa makabila kutoka Tanzania hadi Nairobi. Wakenya wana vichekesho vya kabila majukwaani, tena vikali, lakini mchekeshaji hupewa nafasi ambayo wewe kazini hukupewa. Kenya ina sheria ya mwaka 2008 ya uwiano na utangamano wa kitaifa, iliyotungwa baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, na inakataza matamshi ya chuki ya kikabila. Rwanda na Burundi usiguse kabisa habari ya nani ni wa kabila gani, hata kwa kucheka.

La tatu, kudhani mgeni aliyecheka mara moja ameshakuwa mtani. Utani na mgeni ujengwe hivi: anza kwa kujicheka mwenyewe, kisha cheka jambo lililowakuta wote wawili, foleni, mtandao uliokatika, ngoja yeye akuchokoze kwanza, ndipo umrudishie, kwa uzito uleule au pungufu, kamwe usizidishe. Mwili, dini, mzazi na kipato vibaki nje hata akianza yeye. Asipokuchokoza kamwe, ishia hatua ya pili. Uhusiano mwingi mzuri wa kazi huishia hapo na hauna kasoro.

Cheo nacho hubadilisha mambo. Australia na Uholanzi, mdogo kumtania bosi mbele ya watu ni kitu cha kawaida. Katika nchi za Kiarabu za Ghuba, na katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki, utani hushuka kutoka juu kwenda chini, haupandi.

Kejeli usiyoikusudia

Mara nyingine wewe ndiye unayesikika unakejeli. "Umenenepa!" ni salamu njema Tanga, kwa Mmarekani ni tusi la asubuhi. "Pole" ikigeuzwa "sorry" kwa mtu aliyejikwaa, atajiuliza kwa nini unaomba radhi, au atadhani unamcheka. Sema "Are you all right?" Kati ya Waswahili wenyewe, "Nipe chai" ya Mkenya ni agizo la kawaida, lakini kwa mhudumu wa Dar inasikika kama dharau, na "Naomba chai, dada, samahani" ya Mtanzania inaweza kumfanya mhudumu wa Nairobi ahisi anachezewa shere.

Kwenye maandishi, punguza

Justin Kruger na wenzake walichapisha mwaka 2005 jaribio ambalo kila mwenye simu angepaswa kulijua. Waandishi wa barua pepe walitegemea kejeli yao ingetambuliwa mara 78 katika 100. Ilitambuliwa mara 56, na kwa kubahatisha tu mtu hupata 50. Waliotumia sauti walifika 73. Mwandishi huisikia sauti yake kichwani anapoandika, msomaji haisikii. Ndiyo sababu anayetuma huwa na uhakika na anayepokea huwa na hasira.

Basi kwa mtu usiyefahamiana naye, kejeli ya maandishi iwe sifuri. Kwa mnayefahamiana, itie alama. Mtandaoni kwa Kiingereza wanaandika "/s" mwishoni mwa sentensi; Kiamhari kina alama yake, mfano wa alama ya mshangao iliyogeuzwa kichwa chini; sisi tuna "eti", "teh teh" na uso unaocheka kwa machozi. Uso huo usiuweke peke yake kama jibu la kosa la mtu, maana hapo ni kijembe kitupu. Jambo likiwa zito, tuma ujumbe wa sauti au piga.

Unapopokea habari ya kuchekesha mno kutoka nje, fungua ukurasa wa mbele wa tovuti ilikotoka usome vichwa vingine vitano. Gazeti la Chama cha Kikomunisti cha China lilikosa hatua hiyo Novemba 2012, likatoa picha 55 za Kim Jong-un kwa sababu The Onion, gazeti la vichekesho la Marekani, lilimtangaza kuwa mwanamume mwenye mvuto kuliko wote duniani. Mwaka 2015 Jack Warner, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa FIFA, alijitetea kwenye video akishika makala ya gazeti hilohilo kuhusu Kombe la Dunia la ghafla nchini Marekani. Vichwa vitano vingetosha.

Mahali pa kutotania

Uwanja wa ndege, dirisha la viza, kituo cha polisi, fomu ya hospitali, mkataba. Maofisa wa hapo hawalipwi kupima neno kwa jambo, wanaandika neno. Januari 2012 vijana wawili kutoka Uingereza walizuiwa Los Angeles na kurudishwa kwao kwa sababu mmoja aliandika Twitter kwamba anakwenda "destroy America". Kwa lugha ya vijana wa kwao ilikuwa kwenda kula raha mpaka basi. Kabla ya safari pitia ulichoandika hadharani kuhusu nchi unayokwenda.

Ukishateleza

Kama umeichukua kejeli kwa uzito, sema, "Kumbe unatania, nami nilishaanza kutafuta suluhisho," ucheke. Imekwisha. Kama mwenzako ndiye ameumia kwa mzaha wako, usianze na "nilikuwa natania tu", kwa sababu sentensi hiyo inamwambia kosa ni lake la kutoelewa. Omba radhi kwanza, sema ulichomaanisha kwa sentensi moja isiyo na mapambo, nyamaza. Kuufafanua mzaha ni kuurudia.

Mkalimani ana sheria yake. Kwenye kikao cha biashara, fasiri maana kisha ongeza kwa sauti ya kawaida: "amesema kwa kejeli." Usiigize sauti ya msemaji, hasira ya msikilizaji itakuangukia wewe. Mahakamani usiongeze lolote: toa maneno kama yalivyo, na ukiona yanabeba maana mbili, mwombe hakimu aagize msemaji aulizwe upya.